Daktari anasema sijasogea, lakini sindano inanikataa

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 46, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni cherehani. Huu ni mwaka wa 11 tangu nigundulike na maltipo sklerosisi, ugonjwa unaochubua ganda la neva za ubongo na uti wa mgongo, ambao sisi wenyewe tunauita MS tu.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya mashambulio. Mara jicho linafifia, baada ya wiki kadhaa linarudi. Mara mguu unakufa ganzi, unarudi nusu. Siku hizi mashambulio sina. Picha ya MRI ya mwaka huu haikuonyesha doa jipya hata moja. Na ile namba ya ulemavu wanayoniandikia kliniki, EDSS, ni 6.0 kwa mwaka wa nne sasa. Kila nikienda daktari ananigonga magoti kwa kinyundo chake, ananitembeza kwenye korido, anaandika, halafu anasema, "Vizuri sana mama, hujasogea."

Mume wangu hukaa pale pembeni akisikiliza. Nyumbani nikimwambia mkono unalegea, jibu lake ni moja: "Si daktari amesema hujasogea?" Hasemi kwa ubaya, Shangazi, lakini nikishaambiwa hivyo sina la kuongeza.

Sasa nikueleze huo mkono. Zamani nilikuwa natunga uzi huku napiga soga, hata sitazami. Mwezi uliopita nilitaka kushona kifungo kimoja tu cha shati. Nikaulamba uzi, nikausogeza tunduni, ukapita pembeni. Nikaukata ncha, nikaulamba tena, ukapita pembeni. Mwisho nikamwita mwanangu wa miaka tisa. Akatunga mara moja, akatoka mbio kwenda kucheza, nikabaki na sindano mkononi nalia. Ni mkono wa kulia, huohuo unaoshika mkongojo. Usiku naamka vidole vimekufa ganzi, naukung'uta mkono kama mtu anayekausha maji, ndipo unarudi.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Siku mbili kabla ya kliniki huwa sigusi kazi. Nalala, napumzika, asubuhi yenyewe naoga maji ya baridi kabisa, halafu natembea ile korido na mkongojo mmoja, meno nimeyauma, mpaka mwisho. Nyumbani siendi hivyo. Nyumbani mkono mmoja una mkongojo na wa pili unashika ukuta, kabati, bega la mtoto. Nimesoma kwamba anayehitaji msaada pande zote mbili ni 6.5, na ya baada ya hapo ni kiti cha magurudumu. Naiogopa hiyo nusu. Naogopa pia kwamba namba ikipanda watasema dawa haisaidii, waniachishe.

Rafiki yangu tuliyejuana kliniki alikuwa 2.5, siku moja akaambiwa 3.5, akalia wiki nzima. Aliporudi, daktari mwingine akampa 2.5 ileile. Sasa hii namba ni kitu gani? Inanidanganya, au mimi ndiye ninayeidanganya?

Ni mimi,
Niliyekwama Kwenye Sita

*

Marahaba mwanangu,

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza: yote mawili. Namba haiuoni mkono wako, na wewe umeificha miguu yako.

Kabla sijastaafu nilikuwa muuguzi kwenye kliniki ya neva, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kushika saa ya kupimia sekunde. Hiyo korido naijua. Na hiyo miguu uliyokwenda nayo naijua pia, mimi nilikuwa naiita miguu ya sikukuu. Mtu anaingia akitembea kwa madaha, daktari anafurahi, anaandika. Nusu saa baadaye natoka nje namkuta yuleyule ameketi kwenye benchi, mapaja yanamtetemeka, anasubiri nguvu za kuinuka. Kwa hiyo usione haya kuniambia, wewe si wa kwanza wala wa ishirini.

EDSS ni kazi ya John Kurtzke, daktari wa neva wa Marekani. Kipimo chake cha kwanza alikitoa mwaka 1955, akakipanua mwaka 1983 kwa kuzigawa ngazi nusunusu. Kinaanzia 0, mtu ambaye daktari akimkagua haoni kasoro, mpaka 10, kifo kilicholetwa na MS. Ngazi za chini, hadi kama 3.5, zinatokana na kukagua mifumo mmojammoja: nguvu za misuli, mizani ya mwili, macho, hisia za ngozi, kibofu na haja kubwa, fikra, na shina la ubongo linaloongoza mambo kama kumeza na kuzungusha macho. Kuanzia 4.0 mambo yanageuka, miguu inashika usukani. 4.0 ni mtu anayekwenda mita 500 bila msaada wala kupumzika. 4.5 ni mita 300, 5.0 ni mita 200, 5.5 ni mita 100. 6.0, hapo ulipo, ni anayehitaji msaada wa upande mmoja ili afikishe mita 100. 6.5 anahitaji pande zote mbili ili afikishe mita 20. 7.0 havuki mita 5 hata akisaidiwa. Habari za mikono zinarudi kuulizwa kwa uzito huko juu kabisa, kwenye 8.

Kwa hiyo mtu aliyeko kwenye 6 anaweza kupoteza kifungo, kalamu, kijiko na sindano, na namba yake isitikisike hata kidogo. Daktari wako akisema hujasogea anasema kweli, ila kweli hiyo ni ya miguu, tena miguu ya sikukuu. Mimi kipimo hiki sikidharau. Kimetumika miaka mingi, majaribio makubwa ya dawa za MS yamepimwa nacho, na daktari wa nchi yoyote akisoma 6.0 anajua unazungumzia nini. Nisichopenda ni kuona namba moja ikigeuzwa habari nzima ya mtu.

Rafiki yako mpe pole, lakini mwambie alilia mapema. Ngazi hizi hazikai kama rula. Kutoka 1 hadi 2 si safari sawa na kutoka 6 hadi 7. Huko chini daktari anaamua kwa jicho na kinyundo kama udhaifu ni mdogo au wa wastani, na madaktari wawili wanaweza kumpima mtu mmoja wakaachana hata pointi nzima. Halafu kuna joto. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani, aliandika mwaka 1890 kuhusu wagonjwa wa MS ambao macho yao yalififia wakijichosha kwa mazoezi. Baadaye ikajulikana kwamba mchawi ni joto la mwili: neva iliyochubuka ganda lake hupitisha ujumbe kwa shida zaidi ikipata moto. Homa hufanya hivyohivyo, na maambukizi ya njia ya mkojo ambayo pengine mwenyewe hujayasikia. Sasa unajua kwa nini yale maji ya baridi yalikusaidia. Uligundua kitu cha kweli, mwanangu, ila ulikuwa unampelekea daktari neva zilizopozwa.

Kwa sababu hizo watafiti hawamhesabu mtu kuwa amesogea kwa kipimo cha siku moja. Kanuni inayotumika sana ni hii: aliyeanzia 0 apande 1.5, aliyeanzia kati ya 1 na 5.5 apande 1, na aliyeko juu ya hapo apande 0.5. Kisha apimwe tena baada ya miezi 3 au 6, akutwe bado yuko palepale. Rafiki yako hakukutwa. Kwako wewe ile nusu unayoiogopa ni ngazi kamili, kwa hiyo hofu yako ina msingi. Lakini kutoka 6.5 hakuna lifti inayokushusha moja kwa moja kwenye kiti cha magurudumu. Watu hukaa hapo miaka.

Na hiyo picha safi ya MRI? Doa jipya ni alama ya jeraha jipya la MS. MS ina njia yake ya pili, ya kimyakimya, ambapo neva zilizoumia zamani zinachakaa polepole bila shambulio na bila doa. Picha safi na mwili unaopungua vinaweza kukaa nyumba moja.

Sasa mkono. Mkono una kipimo chake, na hakihitaji umeme. Ni kibao chenye matundu 9, na pembeni kisahani chenye vijiti 9. Unaokota kijiti kimoja kimoja kwa mkono mmoja, unavijaza matunduni kwa mpangilio wowote, na bila kupumzika unavitoa kimoja kimoja kuvirudisha kisahanini. Mkono unaoutegemea mara mbili, wa pili mara mbili, wastani unaandikwa kwa sekunde. Kijiti kikianguka, saa haisimami. Nimewaona watu wenye mabega ya kubeba magunia wakitokwa jasho mbele ya kijiti chembamba kuliko penseli, chumba kimya, kinachosikika ni tk, tk, tk ya plastiki. Aliyetumia sekunde 30 mwaka jana akitumia 36 mwaka huu ameongeza asilimia 20, na hiyo ndiyo hatua ambayo wataalamu wengi huichukulia kuwa mabadiliko ya kweli, siyo mkono kuamka vibaya siku hiyo.

Mwendo nao unapimwa kwa saa: futi 25, yaani mita 7.62, haraka uwezavyo bila kujiangusha, mara mbili, na mkongojo wako wa kila siku. Hapo pia ni asilimia 20. Uzuri wake ni kwamba kinaona mtu anavyopungua kasi muda mrefu kabla hajabadilisha mkongojo. Fikra zina chao cha sekunde 90, cha kulinganisha alama na tarakimu. Huko sitakaa, hukuniuliza.

Usidhani haya ni mambo ya kujifurahisha wauguzi. Kulikuwa na jaribio la dawa liitwalo ASCEND, la natalizumabu kwa watu ambao MS yao imeacha mashambulio na kuanza kusonga polepole, kama yako inavyoelekea kuwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, na wengi wa waliomo walikuwa kwenye 6.0 na 6.5. Kwa kipimo kikuu cha jaribio dawa haikufua dafu. Lakini walipotazama vijiti peke yake, waliopewa dawa walipoteza uwezo wa mikono kwa kiwango kidogo kuliko waliopewa dawa bandia. Sikuambii haya ili ukaidai dawa hiyo. Nakuambia uone kwamba kuna jambo lilikuwa linatokea mikononi mwa watu ambalo miguu yao isingelisema kamwe.

Ila kuna kitu umekiandika kwa kupita, nami kimenisimamisha. Ganzi inakuamsha usiku, unakung'uta mkono ndipo unarudi, na ni mkono huohuo unaouegemeza kwenye mkongojo mchana kutwa. Hiyo inaweza isiwe MS. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambamo neva hupita, na mtu anayeukandamiza mkongojo kila siku, tena fundi wa cherehani, neva hiyo inaweza kubanwa hapo. Tazama ni vidole gani: kikiwa gumba, cha shahada na cha kati, na kidole kidogo kimesalimika, mwambie daktari maneno hayohayo. Kuna kipimo cha umeme wa neva kinachoonyesha, na kubanwa huko kuna matibabu yake: bandeji ngumu ya kuvaa usiku, kubadilisha mshikio wa mkongojo, wakati mwingine upasuaji mdogo. Vijiti 9 vitakuambia mkono umepungua kiasi gani, sababu havitakuambia. Ingekuwa hasara kubwa uubebeshe ugonjwa mkubwa lawama ya kitu kinachotibika.

Kuhusu kukiri. Kiri, na kiri mapema, kabla hujaingia koridoni. Maneno machache yanatosha: "Daktari, leo nimepumzika siku mbili ili nitembee hivi. Nyumbani nashika ukuta." Hakuna daktari wa neva atakayeshangaa. Kinachotegemea ukweli huo ni kingi kuliko namba: mtaalamu wa fiziotherapia atakayekufundisha mikongojo miwili kabla hujaanguka, dawa ya misuli inayokaza, hata vishikio vya ukutani badala ya bega la mtoto wa miaka tisa, ambaye bega lake halitakuwa pale kila unapopepesuka. Na kuhusu kuachishwa dawa, uliza waziwazi: "Namba ikifika ngapi ndipo mtafikiria kubadilisha, na mtatazama nini kingine?" Pengine kuna utaratibu, pengine hakuna. Lakini dawa iliyoamuliwa kwa miguu ya sikukuu imeamuliwa kwa ajili ya mtu mwingine asiyekuwepo. Tena fikiria upande wa pili: ikiwa miaka minne umekuwa ukiisukuma namba ibaki palepale, siku utakayoshindwa kuisukuma itaonekana umeporomoka ghafla, wakati ulishuka taratibu na hakuna aliyeona.

Nyumbani weka daftari lako mwenyewe. Mara moja kwa mwezi, usizidishe. Nimewahi kuona mgonjwa aliyejipima kila asubuhi mpaka kujipima kukawa ugonjwa wa pili. Siku ileile, saa ileile, bila kujipumzisha siku mbili kabla wala kuoga barafu. Chagua sindano moja na uzi wa aina moja, hesabu sekunde mpaka uzi upite, kulia kisha kushoto. Funga vifungo vya shati moja lilelile. Tembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine ukiwa na unachokishika kila siku, ukuta ukiwemo. Andika pia umeanguka mara ngapi mwezi huo, ulilalaje, na kama ulikuwa na homa. Si kipimo cha hospitali, na usilinganishe sekunde zako na za rafiki yako. Lakini miezi sita ya mwandiko wako inazungumza vizuri kuliko "mkono unalegea", neno ambalo daktari mwenye dakika 15 hajui alishike wapi. Uliza pia kama wana fomu ya maswali 12 kuhusu kutembea, ambayo mgonjwa anaijaza mwenyewe. Hiyo inauliza ulivyokuwa kwa muda wote wa wiki mbili zilizopita, haiulizi ulivyo leo.

Mume wako simlaumu sana. Ameambiwa neno zuri na mtu mwenye koti jeupe, na amelishikilia kama ulivyoishikilia wewe 6.0. Nadhani mnaiogopa namba moja, kila mtu kwa upande wake wa kitanda. Usishindane naye kwa maneno. Mpe saa. Mwambie, "Mwezi huu wewe ndiye utakayenipimia," umketishe mbele yako na hiyo sindano, ahesabu sekunde huku anauona uzi ukipita pembeni mara ya tatu na ya nne. Na mkiwa kliniki, daktari akisema hujasogea, muulize palepale mumeo akiwepo: "Miguu ndiyo haijasogea, au na mikono? Mikono mmenipima kwa kipimo gani?" Akikosa jibu, mwombe kile kibao cha matundu 9. Kliniki nyingi za neva wanacho, mara nyingine kiko kabatini tu kwa mtaalamu wa tiba ya viungo.

Safari hii nenda na miguu ya kila siku. Shona siku ya kabla yake kama unavyoshona siku zote. Kisha niandikie namba mbili, sekunde za kulia na sekunde za kushoto, na uniambie kidole kidogo kinakufa ganzi au hakifi.

Shangazi